Kununua Nyumba Pembezoni mwa Dodoma: Mambo Yampasayo Mnunuzi Kuyatazama

Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ameihesabu nyumba kuwa miongoni mwa neema zake, kwa kuwa ndimo mtu apatamo utulivu baada ya taabu za mchana. Wala hakuna mali ambayo mtu wa kawaida huitolea fedha nyingi kuliko nyumba. Anunuaye nguo mbaya hupata hasara ya mwaka mmoja. Anunuaye ng'ombe mgonjwa hupata hasara ya miaka miwili. Lakini anunuaye nyumba pasipo kuichunguza, hasara yake huwafikia watoto wake, na pengine wajukuu. Kiinua mgongo cha miaka thelathini ya kazi chaweza kupotea kwa sahihi moja iliyotiwa kwa haraka.

Twalieleza jambo hili kwa sababu mji wa Dodoma umekuwa mji wa wanunuzi wa nyumba. Mwaka 1973 Serikali iliamua kuwa makao makuu ya nchi yatoke Dar es Salaam yaje katikati ya nchi, na ikaunda Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ili ipime viwanja na kuujenga mji. Kwa miaka mingi kazi ilikwenda polepole. Kisha mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali yote itahamia, na Waziri Mkuu akahamia mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Watu hao wote wahitaji mahali pa kulala. Kwa hiyo nyumba mpya zimejengwa Kisasa, Ilazo, Nkuhungu, Iyumbu, Nzuguni, Mkonze, Nala na Ihumwa, na sehemu nyingine ambazo zamani zilikuwa mashamba ya uwele na mizabibu, na malisho ya ng'ombe wa Wagogo.

Nyumba hizi ni nzuri kwa macho. Zina bati za rangi, vigae vinavyong'aa, na mageti ya chuma. Lakini wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuingie, tutazame jambo moja baada ya jingine.

KWANZA: NI NANI AUZAYE?

Watu wengi huanza kuitazama nyumba, kisha ndipo huuliza habari za mwenyewe. Njia iliyo sawa ni kinyume cha hiyo. Nyumba mbovu yaweza kutengenezwa. Nyumba ambayo si ya muuzaji haitengenezeki.

Yafaa mnunuzi ajue kuwa kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, nao hauzidi miaka 99. Kwa hiyo anayenunua nyumba hununua pia miaka iliyosalia katika hati, na yampasa aisome tarehe ya kuanza kwake. Dodoma ina habari yake ya pekee katika jambo hili. Mamlaka ya Ustawishaji ilikuwa ikitoa hati za upangaji wa miaka 33 tu. Mwezi wa Mei 2017 Rais aliivunja Mamlaka ile, kazi zake zikahamia Manispaa, ambayo tangu mwaka 2018 ni Jiji, na ikaagizwa hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Ukioneshwa hati ya zamani, uliza: je, imekwisha kubadilishwa? Na kama bado, imebakiza miaka mingapi?

Kisha usitosheke na karatasi uliyopewa mkononi, hata ikiwa na mihuri mitatu. Nenda mwenyewe, au umtume wakili wako, katika ofisi ya Msajili wa Hati, ulipe ada, uombe upekuzi rasmi wa hati ile. Majibu yatakuonesha jina la mwenye nyumba, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Nenda pia ofisi ya ardhi ya Jiji, uone namba ya kiwanja katika ramani, kisha mpima aje akuoneshe mawe ya mipaka juu ya ardhi yenyewe. Imetokea Dodoma kiwanja kimoja kupewa watu wawili, kila mmoja na barua yake. Watu wa mji huu huviita viwanja pandikizi. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa wathibitisha kuwa mapatano yalifanyika mbele yake. Hauthibitishi kuwa kiwanja ni cha muuzaji. Uliza pia risiti za kodi ya pango la ardhi, kwani deni la miaka iliyopita humfuata mwenye kushika hati.

Hapa kuna mambo mawili yanayogusa dini yetu, nayo twataka tuyakazie.

La kwanza ni haki ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake. Basi usitie sahihi mpaka umemwona mke wa muuzaji, umesikia kwa kinywa chake kuwa ameridhia, naye ametia sahihi yake. Ikiwa muuzaji ana wake wawili, uliza nyumba hii akaa nani. Si adabu mbaya kuuliza. Adabu mbaya ni kumtoa mama na watoto wake katika nyumba ambayo hakujua kuwa imeuzwa.

La pili ni mali ya mirathi. Nyumba nyingi huuzwa baada ya kufa mwenyewe, na aghalabu anayeuza ni kaka mkubwa au ami wa watoto. Yeye peke yake hana uwezo huo. Hapana budi awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kila mrithi aliye mtu mzima awe amekubali kwa maandishi. Kama wamo yatima walio wadogo, uliza fedha zao zitawekwa wapi na kwa jina la nani. Kurani imetoa onyo kali katika Suratun-Nisaa kwa mwenye kula mali ya yatima, wala mnunuzi asijidanganye kuwa onyo lile lamhusu muuzaji pekee. Anayejua, au aliyeweza kujua kwa swali moja akanyamaza, anapolala ndani ya nyumba ile hulala juu ya haki ya mtoto.

Tena ikiwa nyumba ni ya washirika wawili na mmoja auza fungu lake, mwenzake ana haki ya shufaa, yaani kulinunua yeye kwanza kwa bei ile ile. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twaifuata, haki hiyo ni ya mshirika. Kwa Mahanafi hata jirani anayo. Ni vizuri kumwuliza mshirika kabla ya kulipa, ugomvi usije baadaye.

PILI: ARDHI ILIYO CHINI YA NYUMBA

Wagogo husimulia kuwa jina la mji huu limetoka katika neno lao idodomya, maana yake imezama, kwa ajili ya tembo aliyekwenda kunywa maji akazama matopeni. Kila anunuaye nyumba Dodoma yafaa amkumbuke tembo yule.

Uwanda huu una udongo wa namna mbalimbali. Penye miinuko pana udongo mwekundu na changarawe, ulio mzuri kwa msingi. Mabondeni pana udongo mweusi wa mbuga. Udongo huu hufura wakati wa mvua na hunywea wakati wa kiangazi hata ukapasuka nyufa ambazo mkono huingia. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida huinuliwa na kushushwa kila mwaka, mpaka kuta zikatike. Basi kabla ya kuusifu ukuta, tembea nje, chukua udongo mkononi, utazame kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Ukikiona cheusi chenye nyufa, muulize fundi aliyejenga alichimba kina gani, na kama alijaza kifusi kingine chini ya sakafu. Ikiwa hakuna awezaye kujibu, mlete mhandisi.

Tazama pia makorongo. Mvua ya Dodoma huanza Desemba na humalizika Aprili, na miezi iliyobaki ni mikavu. Mtu anayekuja Agosti huona bonde la mchanga mkavu akadhani ni njia. Siku moja ya Januari huifanya njia ile kuwa mto. Waulize wenyeji, hasa wazee walioishi hapo kabla ya kupimwa viwanja, maji hupita wapi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barabara kuu nazo zina hifadhi yake ya mita 30 kila upande kwa sheria ya mwaka 2007. Nyumba iliyoingia humo yaweza kuamka siku moja imepigwa alama nyekundu ya X, na kubomolewa pasipo fidia.

Mwishowe, Dodoma i karibu na tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na matetemeko madogo si mageni. Lile la Novemba 2002 liliutikisa mji wote. Kwa ajili hiyo nyumba yapasa iwe na mkanda wa zege wenye nondo juu ya msingi, na mwingine juu ya madirisha unaozunguka nyumba nzima bila kukatika.

TATU: MAJI

Mtu wa Tanga au Unguja huhamia Dodoma akiuliza habari za vyumba. Mtu wa Dodoma huuliza kwanza habari za maji. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Maji ya mji, kwa sehemu kubwa, hutoka katika visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na visima vingine vimeongezwa Nzuguni. Idadi ya watu imekua upesi, na mitaa ya pembezoni ndiyo ionayo mgawo kwanza.

Usimwulize muuzaji kama maji yapo. Muulize jirani maji hutoka siku ngapi kwa juma, na saa ngapi. Omba uoneshwe ankara za miezi sita: nyumba yenye watu wengi na ankara ndogo ni nyumba isiyopata maji. Ikiwa pana kisima, yaonje maji na uyapeleke kupimwa, kwa kuwa visima vingi hapa vina chumvi, na baadhi ya visima vya ukanda huu wa kati vina madini ya floraidi, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na yakizidi sana huidhuru mifupa. Tazama pia kisima ki umbali gani na shimo la maji taka, la nyumba hii na la jirani.

Kisha fanya hesabu. Jamaa ya watu sita wanaotumia lita 40 kila mmoja, pamoja na udhu, kupika na kufua, hutumia lita 240 kwa siku. Tangi la lita 2,000 litawatosha siku nane. Basi mgawo ukifika siku kumi, tangi hilo ni dogo. Lakini tazama bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 66,000 kwa mwaka. Tukitoa moja katika tano kwa yale yanayopotea, hubaki zaidi ya lita 52,000, nazo ni matumizi ya jamaa ile kwa zaidi ya miezi saba. Maji hayo hayahitaji ankara, ila yahitaji mifereji ya bati na tangi kubwa la kuyaweka. Nyumba yenye kisima cha kuhifadhia maji ya mvua yastahili bei kubwa kuliko nyumba yenye vigae vya ng'ambo.

NNE: NYUMBA YENYEWE

Ikiwezekana, ione nyumba mara mbili: saa nane mchana kwenye jua kali, na mara nyingine mvua inaponyesha. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Nyufa nyembamba kama unywele juu ya lipu si hoja kubwa. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaopitisha sarafu, na unaoonekana ndani na nje, ni habari ya msingi. Milango inayogoma kufungwa yaeleza jambo hilo hilo. Rangi mpya iliyopakwa majuma mawili kabla ya kuuza isikufurahishe. Uliza imefunika nini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe usinunue ukuta ambao mwenzako ameshindwa kuujenga.

Kwaruza tofali kwa msumari mahali palipo wazi. Likimomonyoka kama mchanga, saruji ilikuwa chache. Panda darini utazame kenchi: je, mbao zimetiwa dawa? Mchwa wa Dodoma hawana huruma. Uliza bati ni geji ngapi, na ukumbuke kuwa geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Upepo wa uwanda huu ni mkali, na bati jembamba lililopigiliwa kwa misumari michache huondoka.

Tazama jua. Wagogo walijenga tembe, nyumba fupi za kuta nene na paa la udongo, ambazo mchana huwa na ubaridi na usiku joto. Sisi twajenga kwa bati na madirisha mapana ya vioo, kisha twalalamika joto. Ukuta wa magharibi ndio upigwao na jua la alasiri. Kama vyumba vya kulala viko huko bila baraza wala mti, watoto watapata taabu ya usingizi mwezi wa Novemba.

Tena umeme: wekeni taa zote kwa pamoja, mwone kama nyaya zinapata moto, na mwulize deni la mita ya LUKU. Shimo la maji taka lifunuliwe. Ni kazi isiyopendeza, lakini ni nafuu kuiona kabla ya kulipa kuliko baada yake.

TANO: JIRANI, MSIKITI NA SITARA

Waarabu husema mtafute jirani kabla ya nyumba. Keti katika mtaa ule baada ya Magharibi. Je, pana kilabu cha pombe ukuta kwa ukuta? Msikiti u wapi, na madrasa ya watoto i wapi, na njia ya kwenda ni salama alfajiri? Mitaa mingi mipya imepimwa kwa nyumba kwanza, na mahali pa ibada, shule na zahanati vikaja nyuma. Waulize watu wa mipango miji ramani yaonesha nini katika kiwanja kitupu kilicho mbele yako.

Ndani, tazama sitara: mgeni akiingia sebuleni, je, aona jikoni na vyumba vya wake na binti? Dirisha la ghorofa ya jirani laangalia uani kwako? Na kibla: Makka ipo kaskazini ya Dodoma, kwa kuelekea mashariki kidogo sana. Angalia vyoo vimeelekea wapi, kwa maana kukibadilisha choo kilichokwisha jengwa ni gharama.

SITA: BEI, MKOPO NA MAPATANO

Bei ya nyumba si ile iliyotamkwa tu. Ongeza ushuru wa stempu, ada za kuhamisha hati, wakili, mpima, na matengenezo aliyoyahesabu fundi. Ongeza nauli: mtu akaaye Nala, magharibi ya mji, na kufanya kazi Mtumba, mashariki yake, huvuka mji mzima mara mbili kila siku.

Asiye na fedha taslimu asikimbilie riba. Tangu mwaka 2011 ipo nchini Amana Bank, iliyoanzishwa kwa misingi ya Kiislamu, na mwaka 2021 CRDB nayo ilifungua huduma ya Al Barakah. Kwa njia ya murabaha benki huinunua mali kisha hukuuzia kwa bei iliyojulikana, nawe ukalipa kidogo kidogo. Soma mkataba kwa makini: benki iwe imeimiliki mali kweli kabla ya kukuuzia, na bei isipande ukichelewa.

Kuna desturi ya kutoa arubuni ambayo mnunuzi huipoteza akighairi. Wanazuoni wengi wameikataza, Mahanbali wameiruhusu. Lililo salama ni kuandika kuwa fedha hiyo itarudi ikiwa upekuzi wa hati utaonesha kasoro.

Naye muuzaji ajue wajibu wake. Katika sheria ya Kiislamu, mwenye kuuza kitu chenye aibu anayoijua hana ruhusa kuificha, na mnunuzi akiigundua ana hiari ya kukirudisha. Kusema "niliuza kama kilivyo" hakumwokoi mtu aliyepaka rangi juu ya ufa.

Mwisho, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyo katika Suratul-Baqara, ni aya ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Watu wetu huona haya kudaiana karatasi na ndugu au rafiki, na kwa haya hiyo udugu wenyewe huvunjika. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkataba uandikwe na wakili, ueleze mipaka, vitu vinavyobaki ndani, tarehe ya kukabidhiana, na nani alipe kodi gani. Fedha zipite benki, wala zisihesabiwe mezani usiku.

Ndugu msomaji, muuzaji akikwambia kuwa mnunuzi mwingine anakuja kesho na fedha mkononi, mjibu kwa upole kuwa kama ni riziki yake ataipata. Waite mkeo na wanao walio wakubwa, waione nyumba, waseme maoni yao, kwa kuwa wao ndio watakaokaa humo mchana kutwa. Kisha sali rakaa mbili za istihara, umtegemee Mola wako, uamue. Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu nyumba zenye nafasi, majirani wema, na mali isiyo na haki ya mtu ndani yake. Amin.